Kuandaa ateri za baipasi ya moyo: jinsi ya kuzichukua, kuzituliza na kuzipima kabla ya kuzishona

Katika baipasi, ateri huchukuliwa sehemu nyingine ya mwili na kushonwa kwenye moyo kama kipandikizi, ili damu ivuke mahali palipoziba. Ateri iliyochukuliwa vibaya haionyeshi ubaya wake mezani. Inadunda, rangi yake nzuri, inashonwa bila shida, na mgonjwa anapelekwa chumba cha uangalizi maalumu. Miezi michache baadaye njia imeziba. Mara nyingi kilichoharibika ni endothelia, utando wa ndani wenye unene wa seli moja tu. Utando huu ndio unaotoa naitriki oksaidi, kemikali inayouweka mshipa wazi na kuzuia damu isigande juu ya ukuta wake. Ukivutwa, ukipigwa na joto, ukitanuliwa kwa nguvu au ukioshwa kwa maji yenye asidi, unakufa bila kuonyesha dalili yoyote ya nje.

Karibu kila hatua inayofuata inatokana na mambo mawili. Kwanza, shika kilicho kando ya ateri, usiishike ateri yenyewe. Pili, ateri iliyojikaza hutulizwa kwa dawa, joto na muda. Haifunguliwi kwa kusukumwa.

Mwongozo huu ni wa daktari anayejifunza upasuaji wa moyo chini ya msimamizi, msaidizi wake, na muuguzi wa vyombo. Muuguzi anatajwa hapa kwa makusudi, kwa sababu makosa mengi ya dawa huanzia kwenye bakuli zake.

Ateri ipi, na iende kwenye mshipa upi

Chaguo la kwanza ni ateri ya ndani ya kifua ya kushoto, kuelekea mshipa wa mbele wa moyo unaoshuka, ule unaoitwa LAD. Mwaka 1986 timu ya Cleveland Clinic ilionyesha kwamba waliopata ateri hii kwenye LAD waliishi muda mrefu zaidi ndani ya miaka 10 kuliko waliopata vena za mguu pekee. Sababu iko kwenye ukuta wake: una nyuzi nyingi za kunyumbuka na misuli michache, na utando wake wa elastiki wa ndani hauna matundu mengi ambayo seli za misuli zingepenyeza kuja kujaza njia. Pia hutoa naitriki oksaidi kwa wingi.

Ateri ya mkono, yaani radiali, iliyo upande wa kidole gumba, ni kinyume chake. Ukuta wake ni misuli mitupu, na misuli hujikaza. Alain Carpentier aliianzisha Paris mwaka 1971, kisha ikaachwa kwa sababu vipandikizi vingi vilionekana kuziba. Ilirudi mwaka 1992, baada ya wagonjwa kadhaa wa zamani kukutwa na vipandikizi vilivyo wazi bado. Kilichobadilika kati ya vipindi hivyo ni namna ya kuiandaa. Mwanzoni ilikuwa ikichunwa, yaani kutolewa peke yake bila tishu zinazoizunguka, na kupitishwa vijiti vya chuma ili itanuke; baadaye ikachukuliwa pamoja na mnofu wake, bila vijiti, na kupewa dawa za kulegeza misuli. Ateri ni ileile.

Kabla ya kuchagua, angalia ufinyu wa mshipa unaotaka kuuvusha. Kama damu bado inapita vizuri kwenye mshipa wa asili, inashindana na damu ya kipandikizi, na ateri yenye misuli hujibu kwa kusinyaa hadi kubaki kama uzi. Kwa radiali, tafuta ufinyu wa angalau asilimia 70 kwenye mishipa ya upande wa kushoto, na asilimia 90 kwa mshipa wa kulia. Ukikuta asilimia 60 upande wa kulia, usitumie radiali hata kama mkono ni mzuri kiasi gani.

Pima shinikizo la damu mikono yote miwili. Tofauti inayozidi milimita 15 hadi 20 za zebaki inaashiria ufinyu kwenye ateri ya chini ya mtulinga, ambamo ateri ya kifua huchipuka. Ukiishona ateri ya kifua kwenye moyo katika hali hiyo, mgonjwa akitumia mkono damu inaweza kugeuka na kutoka moyoni kwenda mkononi. Piga picha ya mishipa kwanza. Uliza pia kama kifua kiliwahi kupigwa mionzi ya kutibu saratani.

Ateri ya ndani ya kifua

Kidari, mfupa wa katikati ya kifua, kikishapasuliwa, zuia damu kwenye kingo zake kwa diathemi, kifaa cha kukata na kuchoma kwa umeme, na tumia nta ya mfupa kwa uchache. Weka retrakta, chombo cha kuvuta na kushikilia jeraha wazi, ya kuinua upande mmoja. Inua polepole, kidogokidogo, hadi uone tu. Ukizidisha utavunja mbavu za juu au kuvuta mishipa ya fahamu ya bega, na mgonjwa ataamka na vidole vilivyokufa ganzi. Mwombe daktari wa usingizi apunguze ujazo wa pumzi na aongeze idadi yake, ili pafu lisije likajaa mbele ya macho yako kila sekunde.

Ateri inashuka sambamba na ukingo wa kidari, kwa kawaida kati ya sentimita 1 na 2 kutoka ukingoni, pamoja na vena zake. Sehemu ya juu unaiona kupitia fashia nyembamba, yaani utando unaofunika misuli na mishipa. Kuanzia gegedu la ubavu wa 3 kwenda chini imefunikwa na msuli mpana wa ndani ya kifua, na hapo hutaiona hadi uutenganishe. Isikie kwanza kwa kidole. Sukuma utando wa pafu kando kwa shashi yenye maji; ukipasuka, si balaa, ila kumbuka kuweka bomba upande huo mwishoni.

Anzia nyuma ya gegedu, wala si katikati ya mbavu mbili. Nyuma ya gegedu ateri haina matawi, matawi yote yako kwenye nafasi za kati. Kwa hiyo gegedu la 3 au la 4 ni mahali salama pa kuingilia na kupata usawa sahihi.

Kuna njia mbili za kuichukua. Ya kwanza ni pamoja na mnofu: unakata fashia pande zote mbili na kuondoka na utepe wenye upana wa sentimita 1.5 hadi 2, ndani yake mna ateri, vena na mafuta. Ni njia ya haraka, na ateri haiguswi. Ya pili ni kuichuna: unaitoa peke yake na kuacha vena na fashia mahali pake. Inakupa sentimita chache za urefu wa ziada, na inakiachia kidari damu yake.

Ipi bora? Ukichukua ateri zote mbili za kifua, hasa kwa mwenye kisukari au mnene kupita kiasi, chuna. Kidari kilichonyimwa damu pande zote hupata maambukizi na kufumuka. Ukichukua ya kushoto tu kwa mtu asiye na hatari hizo, na mkono wako haujazoea kuchuna, ichukue na mnofu. Uchambuzi wa jaribio la kitabibu liitwalo COMPASS uliotoka mwaka 2021 ulikuta ateri zilizochunwa zikiziba zaidi kuliko zilizochukuliwa na mnofu. Haumaanishi kwamba kuchuna ni kubaya. Unakumbusha tu kwamba kuchuna kunaweka ncha ya chombo milimita moja kutoka kwenye ukuta wa ateri mara ishirini au thelathini katika operesheni moja.

Sasa namna ya kuchuna. Weka diathemi chini, wati 15 hadi 20. Pasua fashia kwa mstari ulio kati ya vena ya ndani na ukingo wa kidari, urefu wa nafasi mbili za mbavu kwanza, usijaribu kufika mwisho kwa mpigo mmoja. Ukingo wa fashia uliobaki upande wa ateri sasa ni mpini wako. Ushike kwa koleo laini na uuvute taratibu kuelekea chini. Ateri itateremka kutoka dari ya kifua, na matawi yatajinyoosha yakionekana kama nyuzi nyeupe zilizotundikwa. Zima umeme, na tumia ncha hiyohiyo iliyopoa kama kijiko kusukuma tishu legevu pande mbili za tawi, hadi uone mwanga kupita nyuma yake. Hapo tu ndipo unaweka klipu.

Klipu ndogo ya titani ikae takriban milimita 1 kutoka ukutani mwa ateri. Ikikaribia zaidi, inavuta ukuta na kuacha kibonyeo ndani. Ikienda mbali, inaacha kisiki ambamo damu husimama na kuganda. Kata tawi kwa mkasi upande wa pili wa klipu. Upande wa kifua unaweza kuchoma, mradi uko mbali na ateri, au uweke klipu nyingine.

Kuna jambo dogo lenye faida kubwa. Katika nafasi nyingi, tawi linaloelekea kidarini na lile linaloelekea ubavuni huanza kama shina moja fupi. Ukikata shina kabla halijagawanyika, yale matawi mawili yanabaki yameungana, na damu ya ubavuni inaendelea kufika kidarini kupitia hapo. Ukikata baada ya mgawanyiko, umekata daraja. Hii ndiyo sababu halisi ya kukaa karibu na ateri unapochuna.

Wanaotumia kisu cha mawimbi ya sauti wanapunguza idadi ya klipu, lakini chombo hiki nacho kina joto, na ncha hubaki moto baada ya kuachia kitufe. Gusa tawi, subiri lipauke na likatike lenyewe bila kulivuta, kisha ondoa ncha kabisa kabla ya kuisogeza. Kuitumia ncha ya moto kama kijiko ni kosa ambalo halionekani siku hiyo.

Ukifika juu, karibu na ubavu wa 1, punguza kasi. Neva ya kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hupita hapo karibu sana na ateri, mara nyingine ikiivuka kwa mbele, na vena ya chini ya mtulinga iko juu yako. Usitumie umeme hapo kabisa, klipu na mkasi tu. Neva ikiungua, kiwambo cha upande huo kinapanda na mgonjwa anachelewa kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia. Hakikisha umefunga tawi kubwa la kwanza la ubavuni. Si wote wanaoamini kwamba linaiba damu ya moyo, lakini kulifunga kunaiachia ateri kuning'inia vizuri bila kona.

Chini, ateri hugawanyika kuwa matawi mawili karibu na nafasi ya 6 ya mbavu. Simama kabla ya mgawanyiko. Kipande cha mwisho kina misuli mingi kuliko sehemu ya kati, kwa hiyo hujikaza zaidi. Ukiwa na urefu wa kutosha, kikate ukitupe bila huruma.

Usiikate ateri kabla heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, haijaingia. Kwa operesheni ya kutumia mashine ya moyo na mapafu, kipimo ni uniti 300 hadi 400 kwa kilo, kisha unasubiri kama dakika 3. Ateri iliyokatwa na kubanwa bila heparini ni bomba lenye damu iliyosimama.

Dawa za kutuliza mshipa

Papaverini, dawa ya kulegeza misuli ya mshipa, hutumika kila mahali, na hutumika vibaya kila mahali. Maji yake yana asidi kali. Ikipuliziwa juu ya mnofu inafanya kazi vizuri. Ikisukumwa ndani ya ateri ikiwa na salini (maji ya chumvi) tupu, inachoma endothelia uliyohangaika saa nzima kuilinda. Kwa matumizi ya nje, changanya miligramu 60 kwenye salini hadi ifike mililita 30, upate miligramu 2 kwa kila mililita. Ipashe joto la mwili. Usiichanganye na ringa laktati wala sodiamu baikaboneti, itaganda kuwa chembe nyeupe. Maji yakionekana na ukungu, mwaga, anza upya.

Nyunyizia, funga ateri kwa shashi iliyolowa dawa hiyohiyo ya uvuguvugu, irudishe chini ya ukingo wa kidari, iache dakika 10 hadi 15. Ncha ya chini iwekee klipu na uache damu ya mwili iendelee kuipiga kutoka juu. Shinikizo la damu la mgonjwa mwenyewe ndilo kitanuzi bora kuliko vyote: linatosha, halizidi, na lina joto sahihi.

Kwa ndani ya ateri, na kwa kuhifadhi ateri iliyokatwa ncha zote mbili, tumia mchanganyiko wa nitrogliserini na verapamili. Kipimo kinachotumika sana ni hiki:

Ringa, mililita 300
Verapamili, miligramu 5
Nitrogliserini, miligramu 2.5
Heparini, uniti 500
Sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4, mililita 0.2

Ile baikaboneti kidogo ndiyo inayoleta pH hadi karibu 7.4. Watu huiacha kwa kuona ni tone tu, kisha wanashangaa ateri haikulegea. Nitrogliserini inafanya kazi upesi lakini haikai; verapamili inachelewa kidogo na inadumu. Zikiwa pamoja zinazibana njia tofauti za kujikaza.

Muuguzi awe na bakuli mbili zenye majina yaliyoandikwa, moja ya dawa ya nje na nyingine ya ndani, na sirinji zenye alama tofauti. Usitegemee kumbukumbu wala rangi. Zote mbili ni maji meupe. Na mtaarifu daktari wa usingizi kabla ya kumimina dawa nyingi kifuani, kwani shinikizo linaweza kushuka.

Salini tupu haifai kuhifadhia kipandikizi. Kama mchanganyiko haupo, damu ya mgonjwa mwenyewe yenye heparini ni mbadala mzuri.

Kupima mtiririko

Fungua ncha ya chini na uache ateri imwage damu kwenye kikombe cha vipimo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4. Zaidi ya mililita 60 kwa dakika, shinikizo la wastani likiwa karibu 70, huwaridhisha wengi. Mtiririko ukiwa mdogo, usiitupe ateri papo hapo. Uliza kwanza shinikizo la mgonjwa ni ngapi. Kisha kagua kama retrakta inaikunja pale juu. Iteremshe kidogo uone. Kisha nyunyizia tena, subiri dakika 10, pima tena. Ikibaki dhaifu, kata sentimita moja kutoka mwishoni na upime upya, kwani mara nyingi tatizo ni ile ncha yenye misuli.

Ukiona doa la buluu au jeusi linalotambaa ndani ya ukuta, damu imeingia kati ya tabaka. Hiyo ndiyo ajali kubwa ya kuvuta tawi hadi ling'oke. Kata juu ya doa hadi ufike mahali ambapo ukuta ni tabaka moja safi. Urefu ukibaki mfupi, ateri inaweza kukatwa pia juu na kutumika kama kipandikizi huru, kikishonwa ubavuni mwa ateri ya kifua ya upande wa pili au kwenye aota. Kuunga sehemu iliyopasuka kwa matumaini ni kujidanganya.

Ateri ya mkono

Kwa kawaida huchukuliwa mkono usiotumika sana. Jaribio la Allen hufanywa hivi: mgonjwa akunje ngumi mara kadhaa huku umebana ateri zote mbili za kifundo, afungue kiganja nusu, asikinyooshe hadi mwisho, maana vidole vikinyooshwa kupita kiasi kiganja hupauka chenyewe na jaribio linadanganya, kisha uachie ateri ya upande wa kidole kidogo peke yake. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 5 hadi 7, vizuri. Ikizidi sekunde 10, achana na mkono huo. Weka pia kipima oksijeni kwenye kidole gumba wakati wa jaribio, kwa sababu macho ya watu wawili huona rangi tofauti. Kwa ultrasaundi, ateri yenye kipenyo chini ya milimita 2 au yenye chokaa ukutani haifai.

Usichukue radiali iliyowahi kupitishwa katheta ya moyo, ya mgonjwa ambaye figo zake zinaelekea kuhitaji fistula ya kusafishia damu, wala ya mwenye ugonjwa wa Raynaud, ambao mishipa ya vidole hujikaza kwa baridi. Na mapema kabisa, siku mgonjwa anapopangiwa, andika kwenye faili na ubandike kwenye mkono: hakuna sindano, hakuna katheta upande huu. Ateri nyingi nzuri hupotea usiku wa kuamkia operesheni kwa sababu mtu alichomeka laini.

Mkono ulale kwenye ubao, kiganja juu, chini ya nyuzi 90 kutoka mwilini ili bega lisivutwe. Chora mstari wa kupasua kutoka sentimita 2 juu ya mkunjo wa kifundo hadi sentimita 2 chini ya mkunjo wa kiwiko, ukipinda kidogo kufuata ukingo wa msuli wa nje wa kigasha, ule uitwao brakioradiali. Neva mbili zinakusubiri. Ya ngozi iko juu ya msuli huo, chini kidogo ya mafuta. Ya pili, neva ya juu ya radiali, iko chini ya msuli huohuo. Usiuvute msuli kwa retrakta kali, la sivyo mgongo wa kidole gumba utakufa ganzi kwa miezi.

Fungua fashia, tenganisha brakioradiali na msuli wa kukunja kifundo, na ateri itaonekana katikati pamoja na vena zake mbili. Ichukue na vena zote mbili, kama furushi moja. Pitisha kamba laini ya mpira chini ya furushi na uinue kwa hiyo. Usiweke koleo juu ya ateri hata mara moja. Matawi ni mengi, hasa karibu na kifundo, na mengi yanaingia kwa nyuma. Kisu cha mawimbi ya sauti kinafaa sana hapa. Bila hicho, tumia klipu pande zote mbili na mkasi.

Kabla ya kukata, bana ateri kwa kibanio laini sehemu ya juu na usikie mapigo chini ya kibanio. Yakiwepo, damu inarudi kutoka upande wa pili kupitia kiganja, na mkono uko salama. Yasipokuwepo na kipima oksijeni kikinyamaza, funga jeraha uache ateri mahali pake. Juu, simama sentimita moja au mbili kabla ya pale ateri kuu ya mkono, iitwayo brakiali, inapogawanyika, na ulinde tawi linalorudi kiwikoni. Utapata takriban sentimita 18 hadi 20, zinazotosha kufika nyuma ya moyo kutoka kwenye aota kwa wagonjwa wengi.

Funga ngozi na mafuta, fashia iache wazi. Ukiifunga fashia na damu kidogo ikavuja ndani, misuli ya kigasha inabanwa na unaweza kuupoteza mkono kwa sababu ya moyo. Bandeji isikaze.

Mezani, weka alama ncha ya juu papo hapo, kwa klipu moja au wino, na uchore mstari mwembamba wa wino urefu mzima. Ateri huru iliyojizungusha nusu duara haijulikani kwa macho baada ya kuijaza damu. Ingiza kanula butu ncha ya juu na umimine mchanganyiko wa ndani kwa mkono mwepesi, sirinji ndogo, bila kubana ncha ya pili. Matone yanayovuja ubavuni yafunge kwa klipu ndogo au uzi wa 8-0. Pasua fashia ya furushi kwa urefu wake kwa mkasi mdogo ili ateri ipate nafasi ya kutanuka, kisha itumbukize kwenye mchanganyiko hadi wakati wake.

Baada ya operesheni, nitrogliserini au diltiazemu ya mshipani hutolewa siku ya kwanza, kisha kidonge cha kuzuia kalsiamu, kama amlodipini, kwa mwaka wa kwanza.

Ateri ya tumboni

Ateri ya tumbo inayofuata mkunjo mkubwa wa tumbo la chakula hutumika kwa mshipa wa nyuma wa upande wa kulia, tangu ripoti za mwaka 1987. Hupitishwa kwenye tundu dogo la kiwambo mbele ya ini. Haifai kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, wala kwa mshipa wenye ufinyu chini ya asilimia 90, kwani shinikizo lake ni dogo na hushindwa haraka na damu ya asili. Matawi yake ni laini sana. Kwa mikono isiyoizoea, ateri ya mkono ni chaguo bora.

Kuandaa ncha na njia ya kupita

Safisha mnofu wa sentimita ya mwisho tu. Kata ncha kwa pembe, kisha pasua upande wa kisigino milimita 4 hadi 5 kwa mkasi mwembamba, mkato mmoja ulionyooka. Chungulia ndani: ukiona ngozi nyembamba imejitenga na ukuta kama ganda la kitunguu, kata tena nyuma yake. Usiingize kijiti cha kupima kipenyo zaidi ya mdomo wa ateri. Uzi ni 7-0 au 8-0, na koleo lishike mnofu wa nje au lisishike kitu.

Pasua mfuko wa moyo upande wa kushoto, mbele ya neva ya kiwambo, ili ateri ipite kwa mteremko na isipande juu ya pafu. Kisha fanya kile ambacho haraka huwasahaulisha wengi: mwambie daktari wa usingizi ajaze mapafu hadi mwisho, na utazame. Ateri iliyoonekana na urefu wa kutosha pafu likiwa tupu huvutwa kama uzi wa kinanda pafu likijaa. Ikikaza, ongeza mpasuo wa mfuko, au fungua fashia ya mnofu kwa mikato midogo ya kukingama, kila mkato ukikupa milimita kadhaa. Ikiwa ndefu mno, nayo itajikunja ubavuni mwa ateri ya mapafu, kwa hiyo ipunguze.

Mshono ukiisha na mashine ikizimwa, weka kipima mtiririko juu ya kila kipandikizi, ukiwa umesafisha mafuta mahali pa kushika na kupaka jeli au maji ili kipima kisome. Mtiririko chini ya mililita 20 kwa dakika pamoja na faharasa ya mdundo, kipimo cha jinsi mtiririko unavyopanda na kushuka kwa kila pigo, zaidi ya 5 ni onyo. Kagua kwa mpangilio: shinikizo la mgonjwa, kujizungusha, kukunjika, kujikaza, kisha mshono wenyewe. Ukianzia na mshono utafumua kazi nzuri kwa kosa la kona iliyo sentimita 10 juu yake. Pima tena baada ya retrakta kutoka na kingo za kidari kusogezwa pamoja kabla ya kufunga waya, kwani hapo ndipo ateri ya kushoto inapopata umbo litakalobaki nalo.